Tundu Lililozibwa

Baba yangu hakukusanya sarafu. Alikusanya nafasi zake.
Alichukua ubao wa msonobari, mabaki ya kitanda,
akachonga kwa bisibisi aliyoinoa mwenyewe
vishimo ishirini na vinne, kila kimoja upana wa kitufe cha koti,
akavitandika kwa kitambaa cha suruali yake ya mgambo,
na chini ya kila kishimo, kwa penseli, akaandika
mwaka, na herufi ya mji ilikopigwa.

Dola tano za dhahabu, za Marekani,
za enzi ambazo huku kwetu
majembe ya chuma ndiyo yaliyolipa mahari.

Kati ya vyote kilijaa kimoja.

Ilimkuta Makongolosi, mwaka wa unga wa njano,
akinunua dhahabu kwa pointi chini ya banda la mabati,
moshi wa zebaki umemkaa kooni.
Mchimbaji, Ndele Sinkala, akaiweka juu ya mizani
kama mtu anayeweka jino lake mwenyewe.
"Bibi aliachiwa na Mzungu wa Lupa. Iyeyushe, unipe changu."
Makaa yalikuwa mekundu. Chungu kilikuwa kinangoja.
Baba akaona uso wa mwanamke, nyota kumi na tatu;
akaigeuza, akaona tai, na chini ya tai
herufi mbili zilizofanana, ndogo kama vichwa vya siafu.
Akachukua ndoo.
Akamwagia moto maji.

Mama hakuyasamehe maji yale.
"Gramu nane," alikuwa akisema, huku akikinga mvua kwa sufuria,
"gramu nane na pointi zake. Hesabu mwenyewe ni bati ngapi."

Kitabu cha bei, kisicho na jalada,
alikiokota ndani ya belo la mitumba soko la Sido.
Usiku wa Juni, Isanga imejikunyata chini ya ukungu,
alikisoma kwa koroboi, amevaa masweta mawili,
si kwa kununua. Na nani angemuuzia?
Alitaka tu kujua kimo cha kile asichonacho.

Akanifundisha: shika ukingo, usiguse uso,
kama unavyoshika kifaranga cha siku moja.
Na usiisugue, hata ikiwa na weusi.
Anayesugua sarafu ya zamani
amemfuta bibi yake mikunjo.

Tulimzika mwezi wa kuvuna viazi.
Ada ya mdogo wangu ilikuwa imeiva kama jipu,
nikaifunga sarafu kwenye leso, nikaenda Mwanjelwa
kwa mgeni mmoja aliyekuja Mbozi kununua kahawa,
ambaye, walisema, anayajua mambo haya.
Alivaa lenzi jichoni. Alikaa kimya muda wa chai kupoa.
"Hapa," akasema, juu ya kichwa cha yule mwanamke.
"Ilitobolewa, halafu ikazibwa. Fundi mzuri, lakini ilizibwa.
Kwa wakusanyaji hii ni maiti.
Nitakupa bei ya gramu."

Nilirudi kwa miguu mpaka Isanga.
Nikautoa ubao chini ya kitanda, nikasogea dirishani.
Chini ya kile kishimo kimoja, baada ya mwaka, baada ya herufi,
kulikuwa na nukta ya penseli, imekandamizwa mpaka mti umebonyea.
Miaka yote nilidhani mkono wake ulitetemeka.

Kwa hiyo alijua.
Alijua tangu ndoo.

Mama alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza yote,
lenzi, tundu, bei ya gramu,
na kwamba aliyeitoboa alitaka kuivaa.
Akafuta mikono kwenye kitenge, moja, na nyingine.
"Lete."
Hakushika ukingo. Aliikamata kwa vidole vyote vyenye wanga,
akalegeza sweta, akaiweka pale chini ya koo
ambapo mifupa miwili huacha kishimo.

"Ya baridi," akasema.

Viazi vikaanza kuwa vyeusi ndani ya beseni.
Hakuitoa.